Hilux LN106 ya zamani: iache ilale kwanza ndipo uinunue

Nauza viazi Uyole, Mbeya, na karibu kila siku ya soko kuna mtu ananiuliza hii Hilux nimeitoa wapi na kama inafaa. Inafaa, kwa kazi moja tu: kubeba mzigo kwenye milima yetu, kwa mtu mwenye fundi anayemwamini. Yangu ni LN106 ya mwaka 1994, kabini moja, injini ya 3L. Nimeinunua Vwawa kwa mzee mkulima wa kahawa. Aliitaja milioni 19, tukamalizana kwenye 16 na nusu.

Kwanza gari yenyewe. 3L ni dizeli ya cc 2,779 isiyo na tabo. Farasi wake ni 90 hivi, na huku juu kwenye hewa nyepesi hata hao hawaji wote kazini. Ukipanda Isyonje na mzigo utaenda kwa gia ya pili, nyuma yako foleni, na watu watakupigia honi. Zoea. Mbele ina ekseli nzima na springi za majani, tofauti na LN167 iliyokuja baadaye. Ikiwa tupu inakurusha mpaka kichwa kinagusa paa, lakini njia za mashambani Kikondo inazipita mwaka mzima. Kuhusu spea sina wasiwasi, maana 3L hiyohiyo imevuta Hiace za daladala miaka na miaka. Ukienda Mwanjelwa unachagua, na fundi wa dizeli asiyewahi kuifungua sijui alijifunzia wapi.

Kwenye kukagua, mimi nina msimamo wangu na fundi wangu ananiunga mkono: vitu viwili ndivyo vinavyoamua, chesisi na silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Taa imevunjika, kiti kimechanika, shokapu zimekufa, klachi imeisha, hayo yote yana bei na unaweza kuyatoa kwenye bei ya gari. Chesisi iliyooza na hedi yenye ufa ni gari nyingine unanunua.

Kabla ya hii ya Vwawa tulikwenda kuona ya bluu kwa dalali mmoja hapa mjini. Ilikuwa inang'aa. Nilikuwa nimempigia jioni nikamwomba asiiwashe mpaka tufike. Tumefika saa moja asubuhi, fundi akaweka kiganja kwenye injini, moto. Dalali akasema ameisogeza tu kupisha gari nyingine. Sawa. Fundi akaingia uvunguni na nyundo ndogo na tochi. Uvungu wote ulikuwa umepigwa rangi nyeusi mbichi, mpaka kwenye mabomba ya breki. Mtu anayepaka rangi bomba la breki ana kitu anakificha. Akawa anagonga chesisi taratibu kuanzia mbele. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu. Nyuma tu ya kabini, pale bodi inapoanza, mlio ukafa. Akakwangua rangi, chini yake kuna kiraka cha bati kimechomelewa, na pembeni ya kiraka ufa mwingine umeanza. Pale ndipo Hilux inapovunjikia, maana mzigo ukijazwa nyuma ya ekseli chesisi inapinda hapo kila shimo. Tukamwambia asante, tukaondoka. Alitupigia baadaye akishusha bei, lakini chesisi haikuwa imepona.

Huku kwetu kuna jambo ambalo watu wa Dar hawalifikirii: mbolea. Pikapu nyingi za huku zinabeba urea na CAN, na mfuko mmoja ukipasuka, ile chumvichumvi inaingia kwenye maungio ya bodi, ikinyeshewa inakula chuma kimyakimya. Kwa hiyo nyanyua zulia au mbao iliyotandikwa nyuma. Angalia sakafu ya bodi kwa juu, halafu kwa chini pale inapokaa kwenye chesisi. Ya mzee wa Vwawa ilikuwa na matundu ya kupitisha kidole upande wa kushoto. Nilifurahi kuyaona, kwa sababu hakuwa ameyaziba, na chesisi chini yake ililia vizuri kuanzia mbele hadi nyuma.

Sasa hedi. Injini hizi zikichemsha hata mara moja kwa uzembe, hedi inaweza kupata ufa, na mwenye gari akiiuza hatakuambia. Ukiiwasha ikiwa imesimama uwanjani inaunguruma vizuri tu. Ndiyo maana nasema ipandishe mlima, kisha iache ilale. Tulifika Vwawa mchana. Nikamwamkia mzee, tukanywa chai, nikamwomba tuijaribu na mzigo. Akasema, "Mwanangu, mzigo upo," akapakia magunia ya mahindi. Tukashuka mlima Senjele, tukageuza, tukapanda tena. Wanaoijua Senjele wanajua malori ya Tunduma yanavyohema pale. Kushuka tulikuwa tunaangalia breki na gia: fundi aliweka gia ya tatu akaachia mafuta ili injini iishike gari, kuona kama gia itachomoka. Haikuchomoka. Kupanda tulikuwa tunaangalia mshale wa joto na moshi. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga mafuta mlimani ni kawaida kwa dizeli isiyo na tabo huku juu. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ndio wa kukutia hofu, hasa kama maji ya rejeta nayo yanapungua.

Tuliporudi, injini ikiwa moto na imewashwa, fundi akafungua mfuniko wa kujazia oili, akauweka juu ya tundu bila kuufunga. Ukirukaruka na moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimechoka. Ule ulitikisika tu. Kisha tukaizima na mzee akatupa ufunguo tulale nao. Sikumwomba. Ni mtu anayejua anauza nini.

Asubuhi, kabla ya kitu chochote, shika mpira wa juu wa rejeta. Gari imelala usiku kucha, imepoa, mpira unatakiwa uwe laini. Ukiukuta bado mgumu, umejaa presha, gesi ya kwenye silinda inavuja kuingia kwenye maji: gasketi au hedi. Kipimo hiki hakikugharimu hata senti, na sijaona dalali anayekipenda. Wa mzee ulikuwa laini. Tukafungua mfuniko wa rejeta (ikiwa baridi tu, jamani, msije mkaungua uso), maji yako juu, hayana utando wa oili. Tukawasha huku tunatazama maji: hakuna mapovu yanayokuja mfululizo. Stiki ya oili, nyeusi kama dizeli yoyote, haijageuka rangi ya maziwa. Ikawaka kwa kusitasita, ikatoa moshi mweupe kidogo ukaisha. Fundi akasema hita plagi moja haipashi. Kwa baridi ya huku ya mwezi wa sita na wa saba utaijua mapema tu, lakini ni spea ndogo.

Mabaya tuliyoyakuta yalikuwa haya. Nakoo ya kulia mbele, ile tufe ya kwenye ekseli inayogeuka na tairi, ilikuwa imelowa oili ya difu iliyochanganyika na grisi. Sili ya ndani imekufa. Jani moja la springi ya nyuma limekatika. Gia ya pili inakwaruza ikiwa baridi. Na kwenye dashibodi taa ya T-BELT ilikuwa inawaka. Taa hiyo inawaka kilomita zikifika 100,000 kukumbusha kubadilisha mkanda wa taiming, na kuna wauzaji watakaokuambia ni hitilafu ya umeme. Mzee yeye alisema tu, "Sikumbuki uliwekwa lini." Kwenye 3L mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni, umemaliza injini. Kwa hiyo mkanda na tensheni yake niliviweka kabla sijapakia gunia hata moja, na hela yake ilishatoka kwenye ile milioni 19. Kilomita za kwenye dashibodi sikuziangalia kabisa. Gari ya miaka 30, zile namba ni hadithi.

Karatasi nilizimaliza haraka lakini sikuziruka. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Isugue mpaka isomeke, ilinganishe na kibati cha kwenye chumba cha injini na kadi ya gari. Na namba ya injini pia, maana nyingi zimeshabadilishwa injini. Sisi tuko kati ya mipaka ya Tunduma na Kasumulu, kwa hiyo gari ambayo namba zake zimekwanguliwa mimi hata bei siulizi. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, deni la faini za trafiki liangaliwe, mkataba uandikwe mbele ya wakili, halafu TRA kubadilisha umiliki.

Tangu nianze kuitumia, lita moja ya dizeli inanipeleka kilomita tisa hivi nikiwa na mzigo, pungufu kidogo siku za matope. Four wheel ni ya kufunga habu kwa mkono, unashuka kwenye tope na viatu vyako, lakini ikishika imeshika. Kelele ni nyingi, simu huwezi kusikia, upepo unaingia kwenye milango na kiti chake cha watu watatu ni cha watu wawili wenye miili kama yangu. Inabeba tani moja. Narudia, tani moja, magunia kumi ya kilo mia. Ukiweka lumbesa ishirini kwa sababu jirani anaweka, basi wewe ndiye unayetengeneza ile gari ya bluu ya dalali.

Anayetaka gari ya kupelekea watoto shule na kwenda Dar sikukuu aachane nayo, mlima Kitonga utaupanda ukiwa umezeeka. Anayebeba viazi, mbao au parachichi kutoka shambani hadi lami, sijaona ya bei hii inayoishinda. Sili za nakoo na jani la springi nimeshabadilisha. Gia ya pili bado inakwaruza asubuhi, fundi anasema tuiache mpaka ikatae, na sakafu ya bodi inasubiri mauzo ya msimu huu.