Matembezi ya mwaka 1922 mjini Paris: lipia mtaa wa Odéon, mengine ni nyongeza

Euro 25 kwa saa mbili za kutembezwa kwa miguu si hela ndogo, hasa ukikumbuka kwamba mitaa yenyewe haina kiingilio. Hata hivyo nawashauri mwende, mradi mjue mnanunua nini. Ziara hii inahusu mwaka mmoja tu, 1922, na waandishi waliokuwa Paris wakati huo. Kampuni siitaji kwa sababu nina malalamiko mawili matatu, na mwongozaji wetu alikuwa kijana muungwana.

Utamu wote uko mtaa wa Odéon. Namba 12 ndipo Sylvia Beach, Mmarekani, alipokuwa na duka lake la vitabu, Shakespeare and Company. Leo utakuta kibao tu ukutani, kinachosema kwamba katika nyumba hii mwaka 1922 alichapisha Ulysses, riwaya ya Mwayalandi James Joyce. (Lile duka la karibu na Notre-Dame wanakopigia picha watalii ni jingine kabisa. Lilifunguliwa mwaka 1951, na jina hilo lilipewa baadaye kwa heshima ya Beach.) Kwa nini muuza vitabu ageuke mchapishaji? Kwa sababu mwaka 1921 mahakama ya New York iliwatoza faini, kwa kosa la kuchapisha maandishi machafu, wahariri wawili wa jarida lililokuwa likitoa kitabu hicho sehemu kwa sehemu, na baada ya hapo hakuna mchapishaji aliyethubutu kukigusa.

Mimi nimezeekea kwenye kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa kabla ya kuchapwa, Industrial Area, Nairobi, kwa hiyo nilitega sikio hadithi ilipofika kwa mpigachapa. Jina lake Maurice Darantiere, wa Dijon. Mafundi wake walipanga herufi za kitabu cha Kiingereza, lugha ambayo wengi wao hawakuijua, cha mwandishi ambaye prufu hazikurudi kutoka kwake bila maandishi mapya pembezoni. Karibu theluthi nzima ya kitabu iliandikwa juu ya prufu! Kwetu mtu wa namna hiyo angetumiwa ankara hadi akome. Beach yeye aliagiza Joyce apewe prufu kadiri atakavyo, na hasara akaibeba mwenyewe. Kisha ikaja rangi ya jalada, ambayo lazima iwe buluu ya bendera ya Ugiriki. Darantiere aliifuata hadi Ujerumani, akaipata, ila kwenye karatasi isiyofaa, ikabidi buluu ichapwe juu ya karatasi ngumu nyeupe.

Tarehe 2 Februari 1922 Joyce alitimiza miaka 40. Asubuhi hiyo nakala mbili za kwanza zilifika kwa treni kutoka Dijon, mkononi mwa kondakta. Beach alikuwa stesheni akimsubiri. Moja akampelekea mwenye siku yake, nyingine akaiweka dirishani. Toleo lilikuwa la nakala 1,000: 100 zenye sahihi kwa faranga 350, na za bei nafuu faranga 150. Kurasa 732, na mbele kabisa ombi la mchapishaji kwamba msomaji avumilie makosa ya chapa. Nilicheka peke yangu hadi mama mmoja wa Kijerumani akanigeukia. Laiti bosi wangu angeniruhusu kubandika kikaratasi kama hicho.

Baada ya hapo ni mikahawa, na pesa yako inaanza kuvuja. Unasimama mlangoni, unaambiwa Hemingway, mwandishi wa Kimarekani, alikunywa hapa, unasonga mbele, unaambiwa tena. Chakula cha usiku cha Mei 1922 pale hoteli ya Majestic, ambako Joyce alikutana na Marcel Proust, mwandishi wa Kifaransa, kijana alikisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiandaa meza, ilhali walioeleza mazungumzo yale wanapingana. Proust alifariki Novemba mwaka uleule.

Lalamiko langu kubwa ni René Maran. Desemba 1921 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupewa Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa, kwa riwaya ya Batouala, akiwa bado mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Afrika ya Kati. Dibaji yake iliushambulia ukoloni waziwazi, na mwaka 1922 ukaanza na kelele hizo magazetini. Hata huyo Hemingway wa kila mkahawa aliandika habari zake katika gazeti la Toronto Machi 1922. Kwenye ziara Maran hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba mkahawa wa Drouant, wanakoamua tuzo hiyo, uko ng'ambo ya mto. Mto una madaraja, mwanangu.

Chagueni kundi la asubuhi. Mchana pikipiki humeza sauti na wa nyuma hawasikii kitu. Wakipunguza mikahawa miwili wakavuka hadi Drouant, hata euro 30 nitatoa.