Chanjo ya influenza: ya sindano au ya kupulizia puani?

Ya sindano haina virusi hai. Huamsha kingamwili (protini za mwili zinazopambana na virusi) nyingi kwenye damu, nazo huzuia ugonjwa usiwe mkali. Hutolewa kuanzia miezi 6, hata kwa wajawazito.

Ya puani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Hapa ndipo panaponivutia: huandaa ulinzi mlangoni penyewe. Kingamwili za aina iitwayo IgA hukaa kwenye ute wa pua, na seli T za kumbukumbu (seli za kinga zinazokumbuka virusi) huweza kupiga kambi kwenye njia ya hewa, zisingoje kuitwa kutoka kwenye damu. Lakini hapewi mjamzito wala mwenye kinga dhaifu.

Mtoto wa miaka 5 mwenye afya, anayelia akiona sindano? Ningempa ya puani. Bibi yake, sindano bila kusita.