Kabati la kupiga vyuma kwa maji na shanga za kioo: baada ya miezi minane

Nililinunua kwa sababu ya kava moja ya klachi. Ni ya pikipiki ya zamani, ya alumini, na oili ilikuwa imeigandia ikawa nyeusi tii. Brashi ya waya iliiachia mikwaruzo tu. Kabati lilichukua dakika 15, kava ikatoka na rangi ya fedha iliyotulia, laini mkononi. Niliishika muda mrefu kabla ya kuiweka chini.

Pampu iliyo chini ya kabati huvuruga maji na shanga ndogo za kioo na kuzipandisha hadi kwenye nozeli, kisha hewa ya kompresa inazirusha. Maji yanapunguza ukali wa shanga, hivyo uchafu unabanduka na alumini haichimbiki. Vumbi halipo. Zamani nilikuwa napiga mchanga mkavu, na nilikohoa vya kutosha kujua thamani ya hilo.

Ila muuzaji aliniambia kompresa yoyote itatosha, na hilo si kweli. Yangu ya lita 50 ilifika shinikizo la bar 4 vizuri, lakini haikupita nusu dakika ikashuka hadi 2, nozeli ikawa inatema maji matupu. Shinikizo pekee halitoshi. Kazi hii inakula hewa nyingi kila dakika. Nilipopata kompresa kubwa, ikawa kama nimenunua na kabati jipya.

Usiingize kitu chenye grisi. Siku moja nilifanya uvivu, nikaweka silinda hedi bila kuiosha. Maji yote yakageuka uji mweusi, nikamwaga, nikaanza upya na shanga mpya.

Kinachonitia hofu hasa ni shanga zinazobaki. Zinajificha kwenye thredi na kwenye njia za oili, na zikifika kwenye beringi injini ikiwa inazunguka, zitaila. Kwa hiyo naziba matundu kwa vizibo vya mpira kabla ya kupiga. Nikimaliza nasuuza kwa maji ya moto, napuliza kila tundu, halafu narudia, mara tatu. Kabureta ndiyo inayochosha kuliko vyote: natoa jeti (vipande vyenye vitundu vya kupitisha mafuta), boya na mipira yote, na mwishoni namulika tochi kwenye kila kijia kilichonyooka hadi nione mwanga upande wa pili. Nisipouona, haifungwi.

Vyuma vya kawaida, visivyo alumini, vinaanza kutu ukiwa bado unavifuta. Vikaushe kwa hewa, vipake oili papo hapo.

Kasoro za kabati lenyewe ni ndogo: kioo cha kuchungulia kinajaa matone, na glovu ya kushoto imechanika kwenye kidole gumba. Shanga nazo huvunjika kadiri zinavyotumika. Alumini ikianza kutoka na mabaka, nabadilisha.

Sasa ni zamu ya bloku ya injini. Imeshaoshwa na kuzibwa, ipo mezani inasubiri.