Powermatic 3520B na 3520C: mwenye ya zamani anunue mpya?

Haya wadau, karibuni tena. Leo ninazo hapa mashine mbili za Powermatic za kukerezea mbao, 3520B na mdogo wake 3520C, na nina furaha kweli kweli, kwa hiyo nikienda mbio mnivumilie. Mambo ya mota, upana wa inchi 20, kichwa cha mashine, yaani sehemu inayozungusha mti, kinachoteleza kwenye reli, hayo mnayajua, tunayaruka. Twende moja kwa moja kwenye hiki kiboksi.

Tazameni. Kwenye B, swichi za kuwasha, kuzima na kupandisha kasi zimefungwa kwenye kichwa cha mashine, hazihami. Kwenye C zimo ndani ya kiboksi chenye waya wake na sumaku mgongoni. Nakibandua, nakibandika kule mkiani, ncha ya pili ya mashine. Nakibandua tena, nakileta huku mbele, usawa wa paja langu. Kimeshika, hakitikisiki.

Ambaye hajawahi kukereza bakuli kubwa atauliza, hicho nacho ni cha kusifia? Ngojeni muone. Hili gogo lina kipenyo cha inchi 15, limetoka kwenye msumeno wa mnyororo, gome bado liko upande mmoja, maana yake uzito haujalingana. Hesabu yetu wakerezaji mnaijua: zidisha kipenyo kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu liangukie kati ya 6,000 na 9,000. Kwa gogo hili ni mizunguko 400 hadi 600. Lakini hiyo ni kwa mti ambao umeshakuwa mviringo, huu bado, kwa hiyo naanzia chini kabisa. Nawasha. Napandisha pole pole... 100... 150... 200... mmeiona mashine inavyoanza kutetemeka? Narudisha chini kidogo. Imetulia. Hapo ndipo naingiza bobari, patasi yenye mkunjo ya kukerezea, mpaka gogo likae sawa ndipo niongeze.

Sasa angalieni niliposimama. Nimekaa pembeni, siko kwenye mstari wa gogo, kwa sababu gome likichomoka linaruka kufuata mstari ule ule. Na kidole changu kiko hapa, kwenye kitufe cha kuzima. Nikisikia tu mlio nisiouelewa, nimezima, sijasogea hata hatua. Kwenye B ningelazimika kupeleka mkono kwenye kichwa cha mashine, jirani na kitu kile kile ninachokikwepa. Jamani, kwa kiboksi hiki peke yake, C imeniteka.

Kingine ni kasi ya chini. B inaanzia mizunguko 50 kwa dakika, C inaanzia 15. Kwa 15, bakuli linamaliza duara moja kwa sekunde 4, angalieni hapa napaka vanishi nzito na haichirizi, inasambaa tu. Kazi ya kupaka imekuwa raha.

Ila sikilizeni, na hili ni kwa mashine zote mbili: kasi ndogo isiwafanye msahau mkanda. Ukiwa na gogo zito, hamisha mkanda kwenye puli ya kasi ndogo. Ukiuacha kwenye kasi kubwa halafu ukashusha kwa kirungu cha kurekebisha kasi tu, mota inakosa nguvu za kusukuma, bobari ikizama kidogo gogo linasimama. Kuna mashine za kampuni nyingine: Nova DVR wao hawana mkanda kabisa, mota imekaa kwenye spindo yenyewe, ule mhimili unaozungusha mti, na huo ni ubunifu ninaouheshimu sana. Robust nao wana reli za chuma kisichoshika kutu. Siku nikizipata zote mbili tutazilinganisha, mmeniomba muda mrefu.

Turudi kwetu. Bei. C mpya na B iliyotumika, tofauti ni kubwa, na hapo ndipo moyo wangu unasita. Chuma cha B ni kile kile kizito, hakichoki. Reli zikiwa zimenyooka na beringi ziko kimya, mashine hiyo itakuzika. Kinachoipungukia hasa ni swichi ya mbali, nayo inaongezeka! Kidhibiti kasi chake kina sehemu ya kuunga nyaya za swichi ya nje, mwite fundi umeme anayevijua vifaa hivi akufungie. Swichi isiwekwe kwenye nyaya zinazotoka kwenye kidhibiti kwenda kwenye mota, kidhibiti kitaungua.

Kwa hiyo nimebadilika tangu tulipoanza. Kama huna mashine na mfuko unaruhusu, chukua C. Kama B iko karakana kwako na ni nzima, ongeza swichi, pesa inayobaki nunua kibano kizuri cha kushikia mti na mashine ya kunolea. Video ijayo ni ya kunoa bobari, mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa. Wenye B niandikieni hapo chini swichi yenu mmeifunga upande gani.