Kuipendezesha Impreza: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Kisubiri, Kipi Uachane Nacho

Subaru Impreza WRX au STI, yaani matoleo yenye turbo, ikishatoka bandarini na kupata namba, mwenyewe huanza kuitazama kwa jicho jingine. Injini nzima, giaboksi nzima, lakini taa zimefifia, rimu zina mikwaruzo, na kila akifungua simu anakutana na Impreza ya mtu mwingine inayong'aa. Mwongozo huu ni wa pesa inayoanza kuwasha mfukoni wakati huo.

Ninazungumzia mapambo matupu, yaani vitu visivyoongeza nguvu ya injini wala kubadilisha breki. Kazi ya kushusha gari sijaiweka humu kwa makusudi: springi fupi hubadilisha jinsi gari linavyokaa barabarani, na hilo ni suala la usalama. Nimepanga kwa kuuliza maswali matatu. Kitu hiki kinaweza kuondolewa gari likabaki kama lilivyotoka kiwandani? Kitahimili jua, vumbi na matuta yetu? Kinagusa chochote kinachofanya kazi?

Nafasi ya kwanza: taa na rangi uliyonayo

Wengi huruka hapa kwa sababu hakuna kitu kipya cha kuonyesha. Lakini hakuna pesa inayorudisha sura ya gari la miaka kumi kama hii, na ndiyo ndogo kuliko zote humu.

Anza na taa za mbele. Kava yake ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa kinga dhidi ya jua. Kinga ikishaliwa, plastiki hugeuka njano na kufunga ukungu. Fundi anayejua kazi atabandika kwanza maskinitepu kuzunguka taa ili asiguse bampa wala boneti. Kisha ataingia na msasa wa maji namba 800 au 1000, akiulowesha muda wote. Maji ya kwanza hutiririka ya njano, hiyo ni kinga iliyokufa ikitoka. Yakishakuwa meupe, anapanda namba 1500, 2000, hadi 3000, kila mara akisugua kwa mwelekeo tofauti na ule uliopita ili aone kama mikwaruzo ya awali imeisha. Hapo taa inaonekana imeharibika kabisa, nyeupe tupu. Usiogope. Kompaundi na polishi ndizo zinazorudisha uwazi wake.

Hatua inayorukwa ni ya mwisho: kupaka klia, yaani tabaka angavu la juu, yenye kinga ya jua. Bila hiyo, taa itang'aa siku unapokabidhiwa gari, kisha miezi michache tu njano imerudi. Ndiyo maana dawa ya meno inayosifiwa mitandaoni haifai: inasugua, haiachi kinga yoyote. Muulize fundi kabla hujamlipa, "Unamalizia na nini?" Akijibu "polishi", tafuta mwingine.

Kwa bodi, omba ioshwe vizuri, ipitishwe udongo maalumu wa kutoa chembe za chuma na lami, ndipo mashine ya polishi ifuate. Rangi ya kiwandani kwa magari ya Kijapani huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150 kwa jumla, na klia ni sehemu tu ya hapo. Fundi mwenye haraka anaweza kuichoma kwenye kingo za boneti na milango, na klia ikishaondoka dawa yake ni kupiga rangi upya. Mwambie ajaribu kipande kimoja cha buti kwanza, mkubaliane, ndipo aendelee. Akiwa na kipimo cha unene, zungukeni gari zima pamoja: panapovuka mikroni 300, panel hiyo imepigwa rangi tena au ina puti chini yake. Utalijua gari lako kuliko alivyokuambia aliyekuuzia.

Nafasi ya pili: rimu

Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu haikutokea hewani. Ni rangi za gari la mashindano lililodhaminiwa na sigara za 555, ambalo Colin McRae alitwalia ubingwa wa dunia wa rally mwaka 1995. McRae huyohuyo alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda tena mwaka 2000. Ndiyo maana muunganiko huo wa rangi unagusa watu Nairobi na Nakuru kwa namna ambayo rimu za kromu hazitagusa kamwe. Kama gari lako ni la bluu, dhahabu au shaba ndilo chaguo langu bila kusita. Kama ni jeupe au la fedha, kijivu cha bunduki kitakaa nalo vizuri na hakitaonyesha vumbi la breki sana.

Rimu ni pambo linaloondoka kwa kufungua nati tano, kwa hiyo zinapita swali la kwanza. Kwenye swali la tatu ndipo watu huumia, kwa sababu duka la rimu linauza sura na gari linabeba uzito.

Angalia PCD kwanza, yaani idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara lao kwa milimita. WRX za hadi 2014 hutumia 5x100. STI kuanzia modeli ya 2005 ni 5x114.3, na WRX zimehamia huko tangu modeli ya 2015. Hizi mbili haziingiliani. Muuzaji akikwambia tundu litatanuliwa kidogo, ondoka dukani. Tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1, na rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi, hivyo zinahitaji ringi za habu za kuziba nafasi hiyo. Bila hizo, usukani unaweza kutetemeka ukifika mwendo wa barabara kuu, na utaenda kubalansi tairi mara mbilimbili bila kupona. Nati nazo: Subaru hutumia uzi wa M12x1.25, Toyota M12x1.5. Zinafanana machoni, na kijana wa gereji mwenye mashine ya upepo ataingiza ya Toyota kwa nguvu hadi stadi, yaani bolti inayoshika nati, ife. Anza kila nati kwa mkono.

Geuza rimu utazame upande wa nyuma. Tafuta alama za JWL na VIA, ambazo ni za viwango vya Japani. Pitisha kidole kwenye ukingo wa ndani kutafuta mpasuko au sehemu iliyochomelewa. Kwenye rimu ya aluminiamu iliyotumika, weldi ni sababu tosha ya kuirudisha mezani.

Kuhusu ukubwa, mimi ningebaki na inchi 17. Ukihama kutoka 225/45R17 kwenda 225/40R18, kipenyo cha tairi hakibadiliki zaidi ya milimita 3 hivi, kwa hiyo spidomita haitakudanganya. Lakini ubavu wa tairi unashuka kutoka milimita 101 hadi 90, na hizo 11 ndizo zinazoisubiri rimu kwenye shimo la kwanza. Ukinunua rimu na tairi pamoja, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwenye bajeti ndogo asikate tamaa. Rimu zako za zamani zikiwa nzima, zipulizie rangi ya mpira inayobanduka. Osha mafuta yote, piga tabaka tano au sita. Tabaka mbili zitashika vibaya, na siku ya kubandua utazikwangua kwa kucha.

Nafasi ya tatu: stika ya mwili mzima

Stika inabadilisha gari kuliko kitu kingine chochote na bado inaondoka. Ningeiweka juu zaidi kama si bei na uchache wa mafundi wa kuaminika.

Kuna vinili, yaani plastiki ya stika, ya bei rahisi inayokaa vizuri kwenye ubao ulionyooka lakini ikipigwa na jua inajikunja na kuvuta kingo, na kuna vinili laini iliyotengenezwa kwa ajili ya miviringo ya gari, kama 3M 2080 au Avery Dennison SW900. Roli lake huwa na upana wa mita 1.52, na sedani ya ukubwa wa Impreza hula karibu mita 18. Ukitajiwa bei ya kushangaza, omba uone lebo ya roli.

Stika haifichi rangi mbovu. Kama klia imeanza kubanduka, gundi itaondoka nayo siku ya kutoa. Mwangalie pia fundi anakatia wapi: akipitisha wembe juu ya boneti lako, chini ya kila mstari kuna mkwaruzo usiouona bado. Wazuri hutumia uzi maalumu wa kukatia. Boneti na paa huchakaa kabla ya milango, basi ukibandika stika nyeusi paani peke yake, ujue utairudia mapema.

Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi au logibuku. Ukiibadilisha yote, peleka taarifa kwa mamlaka inayosajili magari: NTSA kwa Kenya, au TRA kwa Tanzania. Na bima yako ijue, pamoja na rimu. Kisichoandikwa kwenye thamani ya gari ni vigumu kulipwa.

Tinti

Nunua filamu ya seramiki, si ya rangi tupu, kwani ile hugeuka zambarau. Asilimia huzidishana: kioo kinachopitisha asilimia 80 ya mwanga kikibandikwa filamu ya 35 kinabaki na 28. Cha mbele kiache wazi, uendeshe usiku ukiona.

Lipu, spoila na skupu

Hapa nakuwa mgumu. Lipu, ule ukingo wa kuongeza chini ya bampa, ikiwa ya faibaglasi huonekana safi dukani, lakini ikigonga tuta moja inapasuka kama sahani. Chagua ya poliyurethani, ambayo hujikunja na kurudi. Kabla ya kulipa, iweke kwenye bampa bila skrubu: ikiacha mwanya wa kidole kwenye kona, hakuna puti itakayouficha kwa muda mrefu.

Spoila kubwa ya STI inapendeza, ila inahitaji kutoboa buti. Kila tundu lisilopakwa rangi ya kuzuia kutu ni mlango wa maji, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, hewa ya chumvi itamaliza kazi. Nunua buti lililotumika lenye spoila yake, ubadilishe lote, la asili ulihifadhi.

Skupu, yaani mdomo wa hewa juu ya boneti, kwenye WRX inapeleka hewa kwenye intakula, kipoza hewa ya turbo kilicho juu ya injini. Usiizibe kwa wavu mzito wala usiibadilishe na ya pambo. Kwenye Impreza isiyo na turbo, skupu ya kubandika haipelekei kitu hewa, na mimi nisingeinunua.

Nisivyoweza kukushauri ununue

Kava za plastiki za kufunika kaliper za breki, kwa sababu zinakaa mahali penye joto kali karibu na gurudumu linalozunguka. Ukitaka kaliper nyekundu, zisafishe na uzipake rangi ya kustahimili joto. Taa za bluu na nyekundu zinazomweka, ambazo trafiki atakusimamisha nazo na atakuwa sahihi. Balbu kali za xenon ndani ya taa za kawaida, zinazompofusha anayekuja mbele yako. Na beji ya STI kwenye gari lisilo STI: bei yake ni ndogo, lakini siku ya kuuza mnunuzi atasoma namba ya chasisi, na baada ya hapo hataamini hata risiti zako za sevisi.