cyclictest: kipimo kizuri, ila kisome vizuri
Kwa kupima kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux inachelewa kiasi gani kuitikia, programu ya cyclictest ndiyo ya kuanza nayo. Endesha `sudo cyclictest -m -S -p 80 -i 1000 -h 400 -D 1h`. Hapo -m hufunga kumbukumbu isihamishiwe diskini, -p 80 huzipa nyuzi (threads) za kipimo kipaumbele cha juu. Kwenye matokeo, Avg (wastani) iache, tazama Max (ucheleweshaji mkubwa kuliko wote), kwa maikrosekunde. Wengi hupima mashine ikiwa haina kazi, kisha hushangilia namba tupu! Washa hackbench, programu ya kuipa mashine kazi nyingi, pembeni.

Kasoro yake: hupima uzi ulivyochelewa kuamka, yaani kikatizi (interrupt) cha taima pamoja na kipanga-kazi (scheduler), si kikatizi peke yake. Max ikiruka ghafla hata kwenye PREEMPT_RT (kerneli ya Linux ya muda halisi), shuku SMI za BIOS, yaani vikatizi vya firmware ambavyo kerneli haivioni. Hizo zisake kwa programu ya hwlatdetect.