Sindano za taya na makunyanzi: pesa yako iende wapi kwanza

Kuuliza "Botox ni bei gani?" ni sawa na kuuliza nauli kabla hujasema unakokwenda. Dawa hii, inayotokana na sumu ya botulini na kulegeza msuli inapochomwa, hupimwa kwa uniti, yaani kipimo cha nguvu yake, na idadi ya uniti hutegemea msuli unaochomwa. Makunyanzi ya katikati ya nyusi huchukua uniti 20, kwa mujibu wa maelezo ya mtengenezaji. Kona za macho, pande zote mbili, ni uniti 24. Taya ndilo linalokula zaidi: msuli wa kutafunia, unaoitwa masseta, ni mnene na una nguvu, na wachomaji wengi huanza na uniti 20 hadi 30 kila upande. Ndiyo maana shoga yako aliyechoma nyusi atakutajia bei moja, na wewe unayetaka taya jembamba utatajiwa inayozidi hiyo zaidi ya mara mbili. Hakuna aliyekudanganya.

Ila usiishie hapo, maana bei ya siku moja haisemi mengi. Makunyanzi hurudi baada ya miezi mitatu au minne. Taya halirudi haraka hivyo. Msuli uliolegezwa husinyaa taratibu kwa kukosa kazi, na hadi ujazie tena, wengi huwa wamemaliza miezi sita, wengine zaidi. Sasa gawanya. Uniti 20 za nyusi kwa miezi mitatu na nusu ni karibu uniti 6 kwa mwezi. Uniti 50 za taya kwa miezi sita ni kama 8. Mlima umekuwa kichuguu. Mpangilio nilioufanya hapa chini unafuata hesabu hiyo ya mwezi, pamoja na swali moja gumu zaidi: je, kitu unachotaka kiondoke ni msuli kweli?

Nafasi ya kwanza: katikati ya nyusi

Hapa ndipo dawa hii ilipojijengea jina. Mwaka 1992 Jean Carruthers, daktari wa macho, na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wote wa Kanada, walichapisha matokeo yao juu ya mistari hii, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani ikairuhusu Botox kwa kazi hiyo ya urembo. Dozi ni ndogo, sehemu za kuchoma ni tano, na matokeo hukamilika ndani ya wiki mbili hivi. Kama ni mara yako ya kwanza, anzia hapa.

Kuna sharti. Simama mbele ya kioo, kunja uso, kisha uachie. Mstari unaotokea ukikunja na kupotea ukiachia ni kazi ya msuli, na sindano itauweza. Mstari unaobaki hata uso ukiwa umetulia umekwisha kuchimbika kwenye ngozi. Sindano itaulainisha, haitaufuta, na mwenye kukuahidi vinginevyo anataka pesa tu. Mstari wa namna hiyo unahitaji pia krimu ya tretinoini (dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A) na kinga ya jua ya kila siku, vitu ambavyo mara nyingi ni nafuu kuliko sindano.

Nafasi ya pili: taya, ikiwa ni msuli

Weka vidole kwenye pembe ya taya, chini ya sikio, halafu uma meno kwa nguvu. Kitu kigumu kikituna chini ya vidole na kulegea ukiachia, hiyo ni masseta, na msuli huo unaweza kupungua kweli. Kama pale ni laini muda wote, huenda ni mafuta. Kama ni pagumu na hapabadiliki, ni mfupa, na sindano haichongi mfupa. Kipimo hiki cha sekunde kumi hakigharimu kitu, na kingewaokoa watu wengi wanaolipa uniti 50 kisha wanatazama kioo kwa miezi mitatu bila kuona tofauti. Hata hivyo mchomaji mzuri atakupima mwenyewe kwa mkono kabla ya kukutajia bei. Asiyekugusa taya, muage.

Wanaosaga meno usiku hupata faida ya ziada, maana nguvu ya kuuma hupungua na maumivu ya taya hutulia kwa baadhi yao. Hapo thamani ya sindano inapanda.

Upande wa pili wa shilingi usifichwe. Katika nchi nyingi, Marekani ikiwemo, kuchoma masseta ni uamuzi wa daktari nje ya matumizi yaliyoidhinishwa. Dawa ikipenya juu sana au mbele sana, hugusa msuli wa tabasamu na mdomo ukacheka upande mmoja. Kutafuna vitu vigumu huchosha kwa wiki kadhaa. Na mwenye ngozi iliyoanza kulegea afikiri mara mbili: msuli ulioshikilia shavu ukipungua, ngozi inaweza kuning'inia, na utajikuta umelipia kuzeeka.

Kosa la kawaida la mnunuzi hapa ni papara. Wiki ya tatu anaona taya lile lile, anarudi kununua dozi nyingine. Sura huanza kubadilika wiki ya nne hadi ya sita, na kilele ni karibu mwezi wa tatu. Kuongeza dozi mapema mno ni hasara mara mbili, kwani kuchoma mara kwa mara na kwa wingi huongeza uwezekano wa mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa, isifanye kazi tena.

Nafasi ya tatu: kona za macho na paji la uso

Kona za macho hazina neno, isipokuwa hazidumu kuliko nyusi na zinakula uniti 4 zaidi. Paji la uso ndilo lenye mtego. Msuli wa paji ndio unaoinua nyusi. Ukiulegeza peke yake, misuli inayovuta nyusi chini inabaki na nguvu zake na macho yanaonekana mazito. Ndiyo maana maelezo ya Botox yanataka paji lichomwe pamoja na katikati ya nyusi, uniti 20 juu ya 20. Ofa ya "paji pekee" ni nusu ya kazi.

Mtego wa majina na maji

Uniti za kampuni moja si uniti za nyingine. Kwa nyusi zile zile, Botox na dawa wenzake Xeomin, Jeuveau na Letybo ni uniti 20, Dysport ni 50, Daxxify ni 40. Kwa hiyo uniti ya Dysport lazima iwe ya chini sana kwa bei ndipo mlingane, na tangazo la "uniti nafuu" lisilotaja jina la dawa halina maana. Uliza jumla ya kazi yote. Daxxify, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2022, hukaa karibu miezi sita kwa wengi kwenye nyusi, kwa hiyo hata ikizidi bei kwa nusu bado unaweza kutoka sawa. Binafsi nisingeichagua mara ya kwanza. Usipoyapenda matokeo, utaishi nayo muda mrefu zaidi.

Halafu kuna maji. Dawa huja kama unga kwenye kichupa, na mchomaji huichanganya na maji ya chumvi. Kichupa cha uniti 100 kikitiwa mililita 2.5, kila sehemu ya kumi ya mililita ina uniti 4. Kikitiwa mililita 5, ina 2, na kwa macho huwezi kutofautisha. Ukilipa "kwa eneo" bila idadi ya uniti kuandikwa kwenye risiti, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Omba kichupa kifunguliwe mbele yako, usome jina, tarehe ya mwisho na idadi ya uniti. Mnamo Aprili 2024 mamlaka za Marekani zilitahadharisha juu ya Botox bandia iliyowafanya watu waugue, na baadhi ya maboksi hayo yaliandikwa uniti 150, kipimo ambacho mtengenezaji halisi hatoi.

Nafasi ya nne: filla na sindano za kuyeyusha mafuta

Hizi ni bidhaa nyingine kabisa, ingawa huwekwa kwenye orodha moja. Asidi ya deoksikoliki huua seli za mafuta ya chini ya kidevu; haigusi masseta, na huhitaji vikao kadhaa, na kila kikao huja na uvimbe wake. Filla, yaani jeli ya kujazia, ya asidi ya hayaluroniki ikiwekwa kidevuni hufanya uso uonekane mwembamba bila taya kupungua hata kidogo. Inafaa kwa mwenye kidevu kifupi. Uzuri wake ni kwamba inaweza kuyeyushwa. Ubaya ni kwamba ikiingia kwenye mshipa wa damu ni dharura, hivyo usichomwe mahali pasipo na dawa ya kuiyeyusha.

Ya mwisho

Kichupa cha mtandaoni cha kujichoma mwenyewe, na mchomaji asiye na leseni anayekuja nyumbani. Bei chee, na sina la kuongeza.

Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli kama miasthenia gravisi asinunue chochote cha botulini katika orodha hii. Ukiona shida ya kumeza, kupumua au kusema baada ya sindano, hata siku au wiki kadhaa baadaye, nenda hospitali, usimpigie mchomaji kwanza.

Na kama una sherehe, hesabu kurudi nyuma kutoka siku yenyewe: taya miezi mitatu kabla, nyusi na macho wiki nne kabla, ili ibaki nafasi ya kurekebisha upande uliobaki juu.